Kuungana bila kumezana

Sanduku la barua mwezi huu limejaa jambo moja. Vikundi vya watu wanaoishi na VVU, mitandao yao na mashirika yanayowatetea wanatafuta namna ya kudai kwa pamoja, na wengi wamechoka kujaribu. Mimi nimeishi na virusi hivi hapa Mombasa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa mratibu wa mtandao wa vikundi. Nimejibu kwa niliyoyaona vikaoni na kwenye foleni za kliniki. Majina ya walioandika nimeyahifadhi.

SWALI: Mama, hujambo? Mimi ni katibu wa kikundi cha watu wanaoishi na virusi, kaunti ya Kilifi. Wodi yetu ina vikundi vitatu: chetu, cha kina mama peke yao, na cha vijana. Afisa wa shirika moja alitwambia hatutapata msaada mpaka tuwe kikundi kimoja chenye cheti kimoja na akaunti moja. Tukakaa vikao, tukavunjikia kwenye suala la nani awe mtia sahihi benki. Sasa hata kusalimiana hatusalimiani. Tufanyeje?

JIBU: Katibu, pole sana. Jibu langu ni fupi, kisha nitaeleza: msiungane. Sidhani afisa huyo alikuwa na nia mbaya. Kwake ripoti moja ni rahisi kuliko tatu. Lakini urahisi wa ofisi yake si sababu ya kuua vikundi vitatu vilivyo hai.

Jiulizeni kwanza kwa nini viko vitatu. Kwenye kikundi cha kina mama kuna mtu ambaye hajamwambia mumewe. Huja kuzungumza habari za kunyonyesha na za mkebe wa dawa anaouficha ndani ya unga, na mbele ya wanaume hatafungua mdomo. Vijana wenu, baadhi yao walizaliwa na virusi. Wamemeza dawa tangu hawajui kusoma. Shida yao ni bweni la shule, ni mchumba, ni kuchoshwa na vidonge. Mkiwaweka wote kwenye kikao kimoja chenye ajenda moja, watakaozungumza ni wazee, na waliobaki wataacha kuja mmoja mmoja bila kuaga. Nimeliona hilo likitokea, na anayeacha kikundi mara nyingi ndiye anayefuatia kuacha dawa.

Kinachopaswa kuwa kimoja ni dai. Tumeni watu watatu kutoka kila kikundi, wakae, waandike ukurasa mmoja tu: tunadai nini, tunamdai nani, mpaka lini. "Huduma bora" si dai. "Zahanati yetu isitoe dawa za wiki mbili kwa mtu anayestahili za miezi mitatu" ni dai, maana siku likitimizwa kila mtu atajua. Cheti na akaunti kila kikundi kibaki na chake. Pesa za kazi ya pamoja zipitie kikundi kimoja kwa kazi hiyo moja, stakabadhi zisomwe mbele ya wote, na kazi inayofuata ipitie kikundi kingine. Mkifanya hivyo ugomvi wa mtia sahihi hauna pa kusimama. Andikeni pia nani ataongea redioni na picha za nani zinaruhusiwa kupigwa. Mtu asitaje hali ya mwenzake, hata kama mtaa mzima unaijua.

Afisa akiuliza mfano, mwambieni habari za Ritshidze ya Afrika Kusini. Iliundwa 2019 na mitandao kadhaa ya watu wanaoishi na VVU, Treatment Action Campaign ikiwa mojawapo, ili kukagua vituo vya afya vya serikali. Hakuna mtandao uliofuta jina lake. Wanachoshirikiana ni maswali yale yale kila kituo, na madai yanayotokana na majibu yake.

Sisi huku tulianza na madaftari ya dukani, ya mistari, kila kikundi na lake. Tuliyapiga safu tano: tarehe, kituo, dawa, muda unaostahili kupewa, siku ulizopewa. Jina la mtu halikuandikwa. Kuna ukurasa mmoja naukumbuka vizuri, kituo kile kile kinajirudia mstari baada ya mstari: miezi mitatu, siku 14, miezi mitatu, siku 14, kisha "septrin, hakuna", yaani ile dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi. Tulipoupeleka kwa mfamasia aliyehusika, alianza kutwambia kwamba ni chuki za kikundi kimoja dhidi ya muuguzi. Tukamfungulia daftari la pili, la kikundi ambacho kilijulikana wazi hakipatani na cha kwanza, lenye tarehe zile zile. Akanyamaza, akainua simu, akapiga ghalani.

Kwa hiyo tofauti zenu zina thamani mbele ya ofisi kuliko mnavyodhani. Anzeni kwa kumtuma mtu mzima mmoja mwenye heshima kwa wenzenu, aende na salamu kabla ya karatasi yoyote.

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma sheria Dar es Salaam. Mhadhiri wetu aligusia kesi ya Kenya ya dawa za bei nafuu na sheria ya bidhaa bandia, akapita. Ninachotaka kujua ni jinsi wagonjwa na wanasheria walivyofanya kazi pamoja. Nani alimwongoza nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako amepita juu ya kazi ya pamoja ambayo mimi binafsi naiheshimu kuliko zote zilizofanywa eneo letu hili, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Ukianzia mahakamani utapata nusu ya habari. Mwaka 2000, dawa za kupunguza makali zinazotoka kwa kampuni zenye hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze dawa hiyo, zilizidi dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Rais Moi alikuwa ameshatangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, nasi bado tulikuwa tunazikana. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Dawa ikawa ipo, na bei ya kuzungumzika ipo. Kilichobaki kutuzuia ni sheria yetu wenyewe.

Hapo ndipo ulipofanya kazi muungano wa kutetea upatikanaji wa dawa muhimu nchini Kenya. Ndani yake walikuwamo Madaktari Wasio na Mipaka, ActionAid, watetezi wa walaji wa Consumer Information Network, WOFAK, shirika la wanawake wanaopambana na UKIMWI, na wengineo. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Madaktari walileta bei na ushahidi wa matibabu. Watetezi wa walaji walileta lugha ya haki ya mnunuzi, ambayo mbunge anaielewa hata kama hataki kusikia neno UKIMWI. WOFAK iliwaleta wenye virusi wenyewe. Kando yao, padri Angelo D'Agostino wa Nyumbani, makao ya watoto wenye virusi kule Karen, Nairobi, alitangaza hadharani kwamba ataagiza dawa za India kwa ajili ya watoto wake, hataza au bila hataza. Juni 2001 bunge likapitisha sheria mpya ya mali ya viwanda, iliyofungua njia ya kuagiza dawa kutoka nchi zinakouzwa kwa bei nafuu.

Sasa sikiliza lililofuata, kwa sababu wengi hulisahau. Katikati ya 2002, ndani ya muswada wa marekebisho madogo madogo ya sheria mbalimbali, yaliingizwa maneno machache kwenye kifungu cha 58 cha sheria ile ya 2001: mwagizaji apate kwanza idhini ya wazi ya mwenye hataza. Kwa maneno hayo machache Kenya ingerudi ilikotoka. Muungano uliyaona, ukapiga kelele, na kabla ya mwaka kwisha yakaondolewa. Mimi nauhesabu ushindi huo kuwa mkubwa kuliko ule wa 2001. Watu wakishinda mara ya kwanza hurudi makwao kulala; hawa walibaki wakisoma miswada mirefu isiyo na jina la UKIMWI popote.

Ndiyo maana 2008 ilipokuja sheria ya kupambana na bidhaa bandia, kulikuwa na macho tayari. Kifungu cha 2 kilieleza maana ya bidhaa bandia kwa upana kiasi kwamba dawa halali ya jenerika, iliyo na nguvu sawa na ile ya kampuni ya kwanza, ingeweza kukamatwa bandarini kama ghushi. Wengi wetu tunaokunywa dawa Kenya tunakunywa jenerika. Julai 2009 wananchi watatu wanaoishi na virusi wakaenda Mahakama Kuu, Nairobi, kwa ombi namba 409 la mwaka huo. AIDS Law Project iliingia katika kesi hiyo, na mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya afya wakati huo, Anand Grover, akaingia pia. Aprili 2010 mahakama ikazuia vifungu vile visitumike kwa jenerika wakati kesi ikiendelea. Katiba mpya ikaja Agosti 2010, kesi ikiwa njiani, na kuwapa hoja nzito zaidi: ibara ya 26 ya uhai, ya 28 ya utu, ya 43 ya afya. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vinatishia haki hizo, na kwamba haki ya mwenye hataza haiwezi kutangulizwa mbele ya uhai wa mgonjwa.

Umeuliza nani alimwongoza nani. Mwanasheria alijua mlango wa kugonga, lakini dai lilitoka kwa watu watatu walioweza kula kiapo na kusema: dawa hii ndiyo inayoniweka hai, ikizuiwa nitakufa. Hakuna shirika linaloweza kula kiapo hicho kwa niaba ya mtu.

Lakini usichukue hiyo kama kanuni ya kila kesi. Februari 2015 ilitoka amri ya rais kwamba zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, pamoja na walezi wao na kina mama wajawazito. Safari hii kumsimamisha mtoto mahakamani kungekuwa kufanya lile lile linalopingwa. Kwa hiyo miongoni mwa waliotanguliza majina yao ni mashirika: KELIN, ambao ni wanasheria, na taasisi inayoendesha Nyumbani. Desemba 2016 mahakama ikasema amri ile imevunja faragha, na majina yafichwe kiasi kwamba taarifa haiwezi kumfikia mtu. Unaona? Mara moja watu walisimama mbele na mashirika nyuma, mara nyingine mashirika yakawa ngao. Aliyeweza kuchagua lipi ni lipi ni yule anayejua atakayeumia kesho yake mtaani.

Ukishakuwa wakili, mwanangu, kabla ya kufungua jalada muulize mteja wako: tukishindwa, wewe utarudi kulala wapi? Kama hana jibu, tafuta namna nyingine ya kuileta kesi.

SWALI: Shikamoo Mama. Nimetoka mkoa wa Tanga. Konga yetu, yaani mtandao wa watu wanaoishi na VVU katika halmashauri, ilinichagua niingie kwenye kamati ya kudhibiti UKIMWI ya halmashauri. Kila kikao naambiwa "mama tupe ushuhuda wako". Natoa, nalia, wanapiga makofi, halafu wanaendelea na makabrasha ya bajeti ambayo nakabidhiwa mlangoni na siyaelewi. Nimeanza kuona haya kwenda. Nijiuzulu?

JIBU: Marahaba, dada. Usijiuzulu, tafadhali. Kiti hicho hukupewa kwa huruma. Mwaka 1983, virusi vyenyewe vikiwa hata havijafahamika vizuri, wagonjwa waliokutana Denver, Marekani, waliandika kwamba wanataka kukaa kwenye bodi za mashirika yanayowahudumia na kushiriki kila ngazi ya maamuzi. Desemba 1994 nchi 42 zilitia sahihi mjini Paris kwamba watu wanaoishi na VVU washirikishwe kikamilifu. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria nao hauipi nchi pesa mpaka wenye maradhi hayo wawe ndani ya chombo kinachoomba pesa hizo. Watu wengi wamekufa wakikidai kiti unachokikalia, na ninaposema hivyo nawakumbuka kwa sura.

Ushuhuda ni mali yako. Usiutoe kwa sababu umeombwa. Utoe pale unapolisukuma dai. Safari ijayo mwenyekiti akikuomba, sema kwa adabu: "Ahsante mwenyekiti, leo konga imenituma na maswali." Kisha uliza haya. Katika halmashauri yetu, watu wangapi wamejua hali yao? Kati yao wangapi wako kwenye dawa? Kati ya hao, wangapi wamepimwa wingi wa virusi mwaka huu, na wangapi wamerudishiwa majibu? Hayo ndiyo malengo ya 95-95-95 ambayo serikali zetu zimeyakubali: asilimia 95 wajue hali zao, 95 ya hao wawe kwenye dawa, 95 ya hao virusi viwe vimefubazwa. Hilo la majibu kurudi lishikilie sana. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na asiyerudishiwa majibu ananyimwa habari inayoweza kubadilisha ndoa yake na usingizi wake.

Makabrasha yadai yaje wiki moja kabla, kwa Kiswahili. Ukiyapata, keti na wenzako wa konga wawili watatu, mmoja awe anayejua hesabu, hata kama ni mwalimu wa shule jirani asiye na virusi. Baada ya kikao rudi konga ukaeleze kilichoamuliwa, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Mwakilishi asiyerudi kwa waliomtuma huishia kuwa mwakilishi wa kamati kwa watu, badala ya watu kwa kamati. Omba pia uruhusiwe kwenda na mwenzako. Mtu mmoja kati ya maafisa kumi na wawili ni mpweke, na upweke ndio unaokuliza, siyo udhaifu.

Na nauli yako idai bila kuona haya. Daktari aliyekaa kando yako kaja kwa gari la ofisi.

SWALI: Assalaam aleikum. Niko kwenye kamati ya msikiti, Lamu. Vikundi vya kutetea watu wenye virusi vimetuomba tujiunge nao. Tunawahurumia na tunataka kusaidia, lakini wanagawa kondomu kwenye hafla zao, na baadhi ya waumini wetu hawalitaki hilo. Je, inawezekana kushirikiana?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah, sheikh. Inawezekana, na mnahitajika mno. Kuna mambo mnayoweza kuyafanya ambayo mimi na wenzangu hata tukikesha hatuyawezi.

Jumuiya ya madaktari Waislamu wa Uganda ilianza 1992 kuwafundisha maimamu kuhusu UKIMWI ili wakafundishe majumbani. Suala la kondomu liliwagawa hata wao. Waliendelea kulizungumza huku kazi nyingine ikienda. Mwaka huo huo wa 1992, huko huko Uganda, kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa Anglikana alisema wazi kwamba anaishi na virusi, na 2003 akawa miongoni mwa walioanzisha mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na VVU au walioguswa navyo. Walikutana humo watu wa dini tofauti wasiokubaliana mengi, wakakubaliana kwamba aibu inaua.

Andikianeni waraka wenye sehemu mbili. Ya kwanza: haya tutayasema pamoja. Ya pili: haya kila mmoja atayafanya kwake, na mwenzake hatamshambulia mimbarini wala redioni. Hafla za kugawa kondomu ziwe zao na siku zao. Yenu yawe yale ambayo nyinyi ndio mnaosikilizwa.

Nitataja mawili tu. La kwanza ni kombe, yale maji ya aya za Qur'ani yanayonywewa kama tiba. Nimewafahamu watu walioacha dawa kwa sababu aliyewasomea aliwaambia wameshapona, na nimewazika baadhi yao. Imamu akisema Ijumaa kwamba mtu asomewe, anywe kombe lake kwa imani yake, na dawa za hospitali asiziache hata siku moja, ataokoa watu ambao kliniki haijawahi kuwaona. La pili ni Ramadhani. Kila mwaka wako wanaokatiza dawa kwa kuona haya kuuliza. Wengi wetu sasa tunameza kidonge kimoja kwa siku, kile chenye dolutegravir, na hicho kinaweza kuhamishiwa wakati wa kufuturu au wa daku baada ya kuzungumza na mhudumu wako. Mwalikeni muuguzi wa kituo mwezi wa Shaabani, akae barazani baada ya Alasiri, waumini wamuulize. Wahamasishaji wa vikundi wajue siku hiyo, wawaelekeze watu wao. Kwa kazi hiyo moja mtakuwa mmeshaanza kushirikiana, na hakuna aliyevuka mpaka wake.

SWALI: Mama, habari? Kikundi chetu kiko Nakuru. Tangu pesa za Marekani zikatike mwaka 2025, wahamasishaji wetu wote wamesimamishwa, kituo chetu cha vijana kimefungwa, na kliniki yetu imechanganywa na wagonjwa wengine. Shirika lililokuwa likituongoza limefunga ofisi. Tuna nguvu gani tena?

JIBU: Njema, kaka, ila nami nalala na wasiwasi huo huo. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje Januari 2025, na ingawa baadaye dawa zenyewe ziliruhusiwa kuendelea, watu waliokuwa wakimfuata mgonjwa nyumbani ndio waliokwenda wa kwanza. Nani atajua kwamba fulani hajaja kliniki miezi miwili? Hilo pengo ni la hatari kweli, nami sitalipunguza kwa maneno.

Lakini hatari ya kutegemea tuliijua zamani. Mwanzoni mwa 2021 shehena ya dawa za msaada kutoka Marekani ilikaa bandarini hapa Mombasa kwa mvutano wa ushuru. Dawa ziko Kilindini, na watu bara wanapewa za wiki chache chache. Zilizofanya ulimwengu ujue ni sauti za wenye virusi wenyewe, walioandamana Kisumu na Nairobi Aprili mwaka huo.

Sasa tazameni foleni mliyomo. Mmechanganywa na wenye kisukari, wenye presha, kina mama wa kliniki. Wengi wenu mmeliona hilo kama kudhalilishwa, na faragha lazima mwidai: chumba cha ushauri chenye mlango, faili zisizo na alama, majina yasiitwe kwa sauti. Ila wale walio mbele na nyuma yenu kwenye benchi ni washirika ambao hamkuwa nao. Mwenye kisukari naye anaambiwa dawa hazipo, akanunue nje. Hajawahi kuwa na kikundi wala daftari, na nyinyi mna uzoefu wa miaka. Mkialike chama chao kama kipo. Kama hakipo, wasaidieni kukianzisha. Dai la dawa zisizokatika likitoka kwenu wote, mwakilishi wa wodi hawezi kusema ni la watu wachache.

Na mdai kaunti, kwa sababu afya iko kaunti. Kalenda ni hii, ibandikeni ukutani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni mwa kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha, unaogawa kiasi cha kila idara, kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vikundi vingi hujitokeza Mei, kwenye mkutano wa maoni ya umma, wakati viwango vya idara vimeshapangwa. Nyinyi nendeni kabla ya Februari. Ombeni jambo lenye bei: mishahara ya wahamasishaji kadhaa wanaoishi na virusi, idadi itajwe, vituo vitajwe, kiasi cha mwezi kitajwe. Barua isainiwe na vikundi vyote, cha kisukari kikiwamo. Chapisheni nakala tatu: moja ya karani wa bunge la kaunti, moja ya waziri wa afya wa kaunti, na ya tatu mrudi nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokewa wenye tarehe.